Kuchagua na Kutumia Spana ya Torki: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Magari wa Lubumbashi

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu maswali ni yale yale kila mara, kutoka kwa vijana wanaojifunza ufundi katika garaje za komini za Kenya, Katuba na Kampemba hapa mjini, na kutoka kwa wenye magari walioamua kukaza wenyewe nati za magurudumu kabla ya kushika barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa. Wanauliza wanunue spana ya ukubwa gani, wasubiri ilie mara moja au mara mbili, kama inafaa kufungulia nati zilizoganda, na kwa nini bolti imekatika ilhali spana ililia inavyotakiwa. Majibu yamepangwa hapa kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe. Shika jambo moja tangu sasa, maana ndilo linalobeba mengine yote: spana ya torki hupima nguvu ya kuzungusha tu, haioni hali ya bolti. Bolti chafu, yenye kutu, au iliyopakwa grisi mahali ambapo haikuruhusiwa, itakupa mlio mzuri na mkazo mbaya.

Nadharia kidogo, isiyoepukika

Torki ni nguvu unayovuta nayo ikizidishwa kwa urefu kutoka katikati ya bolti hadi mkono wako ulipo, na hupimwa kwa nyutoni-mita, kifupi chake Nm. Ukivuta kwa nguvu ya nyutoni 200, ambayo ni kama uzito wa bidoni ya lita 20 iliyojaa maji, kwenye mpini wa nusu mita, unapata 100 Nm.

Hata hivyo, kinachoshikilia vyuma viwili pamoja si torki yenyewe. Bolti inapokazwa hunyooka kidogo sana, kisha hutaka kurudi katika urefu wake wa awali, na ni kule kutaka kurudi kunakobana. Bolti kavu ya M10 (yaani yenye unene wa milimita 10) ya daraja la 8.8 (namba ya uimara iliyo kichwani mwake) ikikazwa kwa 49 Nm hubana kwa nguvu inayokaribia tani mbili na nusu. Sasa angalia hesabu hii: katika kila sehemu kumi za torki unayotia, ni kama moja tu inayofika kunyoosha bolti, karibu tano humezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti au nati, na karibu nne na msuguano wa meno. Ndiyo maana mabadiliko madogo ya msuguano huleta mabadiliko makubwa ya mkazo. Bolti ambayo kitabu kimeagiza ikazwe kavu, wewe ukaitia oili, inaweza kubana kupita kiasi kwa theluthi moja hivi, ingawa spana imelia kwenye namba ile ile. Nadharia inaishia hapo.

Spana ya aina gani, na ya ukubwa gani

Aina unazokutana nazo sokoni ni nne. Ya kwanza ni spana ya mshale, yenye ulimi mwembamba unaobaki umenyooka juu ya kibao cha namba huku mpini ukipinda. Haina springi ya kulegea wala kitu cha kuharibika kirahisi, na mshale ukiwa umeinama unaweza kuurudisha kwenye sifuri kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba lazima uusome ukiwa umeutazama moja kwa moja, jambo gumu ukiwa umelala chini ya gari. Ya pili ni spana ya mlio, ambayo unaipangia namba kwa kuzungusha mpini nayo inalia na kulegea kidogo torki ikifika. Ya tatu ina saa, na ya nne ina kioo cha namba na betri. Kwa garaje ya kawaida ningechagua ya mlio, na kwa mtu mwenye fedha kidogo ningechagua ya mshale bila kusita. Ya betri ni nzuri inapopatikana pamoja na cheti chake na mtu wa kuihakiki. La sivyo unanunua namba zinazong'aa tu.

Kosa kubwa la wanunuzi liko kwenye ukubwa. Mtu hutafuta spana moja ya kufanya kila kitu, ananunua ndefu kuliko zote, kisha anakazia nayo plagi za injini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu spana ya mlio kukosea kwa asilimia 4 inapokuwa na uwezo wa zaidi ya 10 Nm, lakini upimaji wake huanzia kwenye asilimia 20 ya namba yake ya juu. Chini ya hapo hakuna anayekuahidi lolote. Spana inayofika 200 Nm, basi, usiiamini chini ya 40 Nm, na kwa hali hiyo haifai kwa plagi wala kwa bolti ndogo za kifuniko cha valvu, ambazo mara nyingi hazivuki 10 Nm.

Kwa gari ndogo, spana ya kwanza kununua ni ya kichwa cha nusu inchi, yenye uwezo wa 40 hadi 200 Nm au unaokaribia hapo. Hiyo hufanya magurudumu, breki na sehemu kubwa ya miguu ya gari. Ya pili, ukianza kugusa injini, iwe ya kichwa cha robo tatu ya nusu inchi, yaani 3/8, ya 10 hadi 60 Nm hivi. Ya kichwa cha 1/4 ni ya bolti ndogo za M6, nayo inaweza kusubiri. Kwa malori yanayobeba mizigo kwenda Kasumbalesa hesabu ni nyingine kabisa: nati za magurudumu za M22 hukazwa kwa takriban 600 hadi 700 Nm, na hapo unahitaji spana ya kichwa cha 3/4 au cha inchi moja. Usidanganyike kuunganisha bomba kwenye spana ndogo.

Dukani, kabla ya kulipa, zungusha mpini kutoka namba ya chini hadi ya juu na usikilize kama kuna mahali panapokwama. Soma mistari kwenye mwili wa spana. Ikiwa imechapwa kwa rangi inayotoka ukikwangua kwa ukucha, iache. Angalia pia kama ina namba yake ya utambulisho na karatasi ya upimaji yenye namba hiyo hiyo, kwa sababu karatasi isiyotaja spana yako ni karatasi ya sanduku tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Spana ya torki yenye uwezo unaofaa, ambapo namba unayoitaka iko mbali na mwisho wa chini.
- Soketi ya pembe sita inayokaa vizuri kwenye nati, si ile ya pembe kumi na mbili iliyochakaa.
- Spana ndefu ya kawaida kwa ajili ya kufungua. Spana ya torki haifungui.
- Brashi ya waya, kitambaa kikavu, na mafuta ya kulainisha kutu.
- Rangi au kalamu ya kuchora alama kwenye chuma.
- Namba sahihi ya torki kutoka kwenye kitabu cha gari, iliyoandikwa kwenye karatasi na kuwekwa mbele yako.

Hili la mwisho ndilo linalosumbua watu wa hapa kwetu, kwa kuwa magari mengi huja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na kitabu chake, kama kipo, ni cha Kijapani. Hata hivyo namba hazina lugha: tafuta mahali palipoandikwa N·m, na kando yake utaona kgf·cm. Vitabu vya Kifaransa navyo hupenda daN·m, ambayo moja yake ni 10 Nm, hivyo ukisoma 10 daN·m maana yake ni 100 Nm wala si kumi. Kipimo cha zamani cha kgf·m moja ni 9.81 Nm. Kile cha Kimarekani cha lb-ft moja ni 1.36 Nm, na spana nyingi za bei nafuu zina mistari ya aina zote mbili upande kwa upande. Mtu akipanga 103 kwenye mstari wa lb-ft badala ya Nm, anakaza kwa 140 Nm bila kujua.

Hatua kwa hatua: mfano wa gurudumu

Nimechukua gurudumu la Toyota IST, kwa sababu limejaa mjini na nati zake hukazwa kwa 103 Nm. Bolti nyingine hufuata njia hiyo hiyo, na tofauti zake zitaelezwa baadaye.

1. Egesha gari mahali palipo sawa na pagumu, vuta breki ya mkono, weka jiwe au kipande cha mti nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Legeza nati kwa spana ndefu ya kawaida gari likiwa bado chini, kisha ndipo uinue kwa jeki.

2. Toa gurudumu na usafishe sehemu zinazogusana: uso wa kitovu na uso wa ndani wa rimu. Vumbi jekundu la barabara zetu, likichanganyika na maji wakati wa mvua, hukauka na kuwa tabaka gumu, hasa kuzunguka matundu ya bolti. Tabaka hilo likibaki katikati, litakazwa pamoja na rimu, na baada ya kilomita chache litasagika na nati zitakuwa zimelegea zenyewe. Rangi nzito iliyopakwa kwenye rimu hufanya ubaya huo huo. Usipake rangi mahali nati inapokaa.

3. Piga brashi ya waya kwenye meno ya kila bolti, pangusa kwa kitambaa, kisha ingiza nati kwa vidole. Nati inapaswa kuingia hadi mwisho bila spana. Ikikwama njiani, meno yamekwaruzwa au yana uchafu, na hakuna spana ya torki itakayokupa namba ya kweli kwenye bolti kama hiyo. Ibadilishe.

4. Usipake oili wala grisi kwenye meno ya bolti za magurudumu ya gari ndogo isipokuwa kitabu kimeagiza. Najua wazee wa ufundi watanipinga, kwa kuwa wameona nati zilizoganda kwa kutu mpaka zikakatwa kwa patasi. Kutu huzuiwa kwa kusafisha mara kwa mara; grisi kwenye bolti iliyopimwa ikiwa kavu huivuta kupita uwezo wake.

5. Hakikisha upande wa nati unaoelekea rimu. Nati ya koni hukaa kwenye tundu la koni, na ncha yake nyembamba hutangulia. Nati ya uso bapa hukaa kwenye rimu yake ya uso bapa. Kuzichanganya, hasa baada ya kununua rimu za aluminiamu ambazo hazikuja na nati zake, ni hatari ambayo mlio wa spana hauwezi kuifichua.

6. Rudisha gurudumu na ukaze nati kwa mkono, kisha kwa spana ya kawaida kwa nguvu kidogo tu, ukifuata mpangilio wa msalaba: kwenye nati nne, ruka kwenda ya upande wa pili, kwenye tano, chora nyota. Ukikaza kwa kuzunguka duara, rimu huinama upande mmoja na haitakaa sawa tena. Kisha shusha gari mpaka tairi liguse ardhi na lisiweze kuzunguka.

7. Panga spana. Fungua kifungio cha chini ya mpini, zungusha mpini mpaka ukingo wake ufike kwenye mstari wa namba kubwa iliyo chini ya ile unayoitaka, kisha malizia kwa namba ndogo za kwenye mpini. Kwa mfano, spana nyingi za 28 hadi 210 Nm zina mistari mikubwa ya kila 14 Nm. Ili kupata 103, peleka mpini kwenye mstari wa 98, sifuri ya mpini ikikutana na mstari wa kati, kisha ongeza 5. Funga kifungio. Soma tena. Wanaoanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu husoma mstari mkubwa unaofunikwa na ukingo wa mpini badala ya ule unaoonekana juu yake.

8. Kabla ya kugusa bolti, spana ikiwa mpya au haijatumika kwa muda mrefu, ilize mara tano au sita kwenye nati isiyo na madhara, kama ile iliyofungwa kwenye jiliwa, ili grisi iliyo ndani isambae.

9. Shika mpini mahali palipotiwa alama au mikwaruzo ya kushikia, wala si karibu na kichwa wala nje ya ncha. Mkono mwingine uegemeze kichwa cha spana ili soketi isiegemee upande. Vuta kuelekea kwako, polepole na kwa mwendo mmoja. Usisukume kwa kishindo, usiruke juu yake kwa mguu.

10. Ikilia, acha. Mlio mmoja unatosha. Wale wanaopenda kusikia "kwa, kwa, kwa" wanaongeza torki kila mara wanapovuta, kwa kuwa spana ya mlio haizuii mkono kuendelea. Inakujulisha tu kwamba umefika.

11. Kaza kwa mizunguko miwili au mitatu kwa kufuata nyota ile ile. Mzunguko wa kwanza uwe kwenye nusu, takriban 50 Nm, na wa mwisho kwenye 103. Kisha pita mara moja zaidi kwenye namba ile ile: nati isiyosogea ikilia mara moja imekaa; inayosogea kwanza kabla ya kulia ilikuwa imelegezwa na jirani zake.

12. Chora mstari wa rangi unaopita kwenye nati na kuingia kwenye rimu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 hivi, gari likiwa limepoa, pitia tena kwa spana ya torki. Kwenye barabara za makorongo za kwenda vijijini usisubiri hadi 100.

Kuhusu bunduki ya hewa ya fundi wa matairi: inafaa kwa kufungua na kwa kusogeza nati, lakini haipimi. Kwado, yaani fundi huyo wa matairi, akimaliza, mwombe kwa heshima aache nati zikiwa zimeshika tu, nawe malizia kwa spana yako. Ukikuta zimeshakazwa kwa bunduki, kuziliza kwa spana ya torki hakuthibitishi kitu, kwa kuwa nati iliyokazwa kwa 200 Nm italia vilevile kwenye 103. Lazima uilegeze kwanza, kisha uikaze upya.

Na kuna magari ambayo namba yake hubadilika kwa aina ya rimu. Kwenye Land Cruiser 200, rimu za aluminiamu hukazwa kwa 131 Nm na za chuma kwa 209 Nm. Mwenye gari akibadilisha rimu bila kubadilisha namba, amejitengenezea tatizo.

Ikiwa kitabu hakipo

Bolti nyingi za chuma zina namba ya daraja kichwani: 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 ni uwezo wa kuvutwa wa chuma hicho kwa megapaskali. Ya pili inaonyesha sehemu ya uwezo huo ambapo bolti huanza kunyooka moja kwa moja bila kurudi. Kwa bolti za 8.8 zenye meno ya kawaida, zilizo safi na kavu, namba za kuanzia ni kama hizi: M6 takriban 10 Nm, M8 takriban 25, M10 takriban 49, M12 takriban 85, na M16 takriban 210. Kwa 10.9 ongeza karibu nusu, mathalani M10 hufika kama 72 Nm.

Namba hizi ni za bolti ya chuma ndani ya chuma, nazo hazichukui nafasi ya namba ya mtengenezaji. Bolti inapoingia kwenye aluminiamu, kama ile ya kumwagia oili kwenye karteri (beseni la oili lililo chini ya injini), meno laini ya aluminiamu ndiyo yanayoamua. Injini ndogo nyingi za Toyota hutaka takriban 37 Nm pale, na anayekaza kwa nguvu ya mkono mzima huondoka na meno ya karteri yakiwa yamekwisha. Plagi za injini, au buji, zenye meno ya milimita 14 na gasketi, mara nyingi huwa kati ya 18 na 30 Nm, na kichwa cha injini kiwe kimepoa unapozikaza.

Bolti za kulasi na kazi za pembe

Kwenye kulasi, yaani kichwa cha injini, torki peke yake haitoshi. Injini ya 1NZ-FE, iliyo ndani ya IST, Vitz na Probox nyingi, hutaka bolti za kulasi zikazwe kwa 29 Nm, kisha zizungushwe digrii 90, kisha tena 90. Spana hutumika kwenye hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo unahesabu pembe. Weka alama ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti upande wa mbele, na uhakikishe zote zimezunguka robo duara, kisha robo nyingine, kwa mpangilio unaoanzia katikati na kuelekea pembeni. Bolti za aina hii huvutwa kwa makusudi karibu na mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo pima urefu wake kabla ya kuzirudisha, na iliyovuka kipimo cha kitabu isitumike tena. Hizi huagizwa zipakwe oili kidogo kwenye meno na chini ya kichwa. Huu ni mfano wa kitabu kinachoruhusu kile nilichokikataza kwenye magurudumu.

Tundu la bolti liwe tupu. Oili au maji yaliyobaki ndani ya tundu lisilo na mlango wa chini hayana pa kwenda, na bolti inapoyasukuma inaweza kupasua bloku ya injini.

Ralonji na vichwa vya ziada

Ralonji (fimbo ya kurefushia) iliyonyooka kati ya spana na soketi haibadilishi torki, mradi isipinde. Kiungo cha kardani, kile kinachojipinda, kikikaa kwa pembe kubwa huibadilisha, kiepuke. Kichwa cha ziada kinachorefusha spana kuelekea mbele hubadilisha namba, na hapo utahesabu hivi: chukua torki unayoitaka, izidishe kwa urefu wa spana kutoka katikati ya kichwa hadi mkono wako, kisha gawanya kwa urefu huo uliojumlishwa na urefu wa kichwa cha ziada. Spana ya sentimita 45 yenye kichwa cha sentimita 5, kwa kazi ya 100 Nm, ipangwe kwenye 90. Kichwa hicho kikigeuzwa kikae kwa pembe ya mraba na mpini, hesabu haihitajiki.

Kuhakiki spana kwa bidoni ya maji

Kiwango cha ISO 6789 kinataka spana ihakikiwe kila baada ya miezi 12 au milio 5,000, lolote litangulialo, na kampuni kubwa za madini zina maabara au wakandarasi wa kazi hiyo. Garaje ndogo inaweza kujipima kwa njia hii, ambayo haitoi cheti lakini hufichua spana iliyopotoka.

Bana kichwa cha mraba cha spana kwenye jiliwa, mpini ukilala sawa na ardhi kuelekea kulia kwako na kichwa kikielekea mbele, ili uzito uvute upande wa kukaza. Jaza bidoni ya lita 20 na uipime kwenye mizani. Tuseme ni kilo 21. Funga kamba kwenye alama ya kushikia, na upime kwa utepe wa kupimia umbali kutoka katikati ya mraba hadi kwenye kamba. Tuseme ni mita 0.40. Zidisha 21 kwa 9.81, kisha kwa 0.40, upate takriban 82 Nm. Ongeza kama 2 hadi 3 Nm kwa uzito wa spana yenyewe, ufike 85. Panga spana kwenye 75, ning'iniza bidoni taratibu bila kuidondosha, nayo italia. Iondoe, ongeza namba, rudia, mpaka ufike namba ambayo hailii tena. Spana nzima itaacha kulia kati ya 82 na 88 hivi. Ikiendelea kulia kwenye 95, au ikiacha kabla ya 75, usiitumie tena mpaka irekebishwe.

Ukimaliza kazi, rudisha mpini kwenye namba yake ya chini kabisa, usipite hapo, kwa kuwa springi iliyoachwa imebanwa usiku na mchana huchoka, na iliyolegezwa kupita mwanzo huachana na sehemu zake. Iweke ndani ya sanduku lake, mbali na vumbi. Ikidondoka kwenye saruji, ihakiki kabla ya kuitumia tena.

Matatizo ya kawaida

*Spana hailii kabisa.* Angalia kwanza kama umepanga kwenye mstari wa kipimo kingine, kisha kama unazungusha upande wa kukaza, kwa kuwa nyingi hulia upande mmoja tu. Kwenye namba ndogo mlio huwa hafifu, na katika garaje yenye jenereta hausikiki. Tumia mkono kuhisi ile kulegea kwake. Ukishaona unavuta kwa nguvu isiyo ya kawaida, simama.

*Bolti inazunguka bila mwisho na spana hailii.* Meno yamekwisha au bolti imevuka uwezo wake. Itoe uiangalie: ikiwa imepungua unene katikati, imenyooka na haifai tena, ikiwa na vipande vya aluminiamu kwenye meno, ni tundu lililoharibika.

*Inalia mara tu unapoigusa.* Nati imegandishwa na kutu au ilishakazwa zaidi. Ilegeze nusu duara, safisha, kaza upya.

*Nati inatoa sauti ya kukwaruza na kurukaruka inapokazwa.* Msuguano unashika na kuachia, na namba haiaminiki. Toa nati, safisha meno na uso inapokaa, na ubadilishe nati yenye mikwaruzo.

*Alama za rangi zimeachana baada ya safari.* Usikaze tu na kuendelea. Toa gurudumu, angalia kama tundu la rimu limepanuka kuwa la yai, kama bolti imekwaruzwa, na kama kuna rangi au matope katikati ya rimu na kitovu. Rimu yenye tundu lililopanuka haikazwi tena kwa torki yoyote. Ibadilishe pamoja na bolti zilizoishikilia.